Kifurushi Kisichoongea

Nilikuwa naelekea Chepilat, lakini mvua ilitukuta Litein, na mwenye bodaboda akazima pikipiki kwenye veranda ya kwanza aliyoiona. Sikuwa nimewahi kukanyaga mji huo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani, mzee mmoja alikuwa akitikisa kiboksi kidogo kando ya sikio la mke wake, naye mama amefumba macho.

"Inaongea," mama alisema.

"Wapi?"

"Kona ya chini. Inasema kuch, kuch."

Mzee akachukua mkasi, akakata selotepu yote, akaanza upya. Ndivyo nilivyokutana na Jackton Oyoo na mkewe, Jerusa.

Jackton alitoka pande za ziwa akiwa kijana, akaajiriwa kiwanda cha chai, na kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kufunga sampuli za majani ya kupelekwa Mombasa. Alistaafu, lakini vidole vyake vilikataa kustaafu. Siku hizi anakusanya sarafu za zamani na kuwatumia wanaozipenda. Iliyokuwa mezani ilikuwa senti kumi ya enzi ya mkoloni, zile za tundu katikati, ila tundu la hii lilikuwa limetobolewa pembeni, kama kofia kwenye kichwa cha mlevi. Aliipata kwenye kikapu cha sadaka, yeye akiwa mhesabu wa sadaka.

"Ukaichukua tu?" nikauliza.

"Nilibadilisha na noti ya mia. Mungu hakulalamika."

"Pasta ndiye hajaambiwa," Jerusa akasema.

Aliyekuwa akiingojea ni Mwalimu Momanyi, mstaafu wa Nakuru. Jackton alikuwa ameshamtumia sarafu mbili. Ya kwanza ilikwaruzwa njiani na pini ya stepla. Ya pili aliiandikia bahasha "sarafu ya zamani," kwa uaminifu wote, na bahasha ikafika na tundu bila sarafu. Momanyi akatuma ujumbe: hii ya tatu ikipotea, au ikifika na alama hata moja, tusijuane. Hilo lilimkosesha Jackton raha. Katika nchi nzima, Momanyi ndiye mtu pekee anayeweza kuzungumza naye saa nzima kuhusu tundu.

Niliponyoosha mkono kuigusa sarafu, nikiwa bado natafuna mandazi niliyokaribishwa na Jerusa, Jackton alinichapa vidole.

"Shika kwa ukingo! Mkono wako umetoka kwa mandazi."

Akaiweka katikati ya kadi mbili ngumu zenye kidirisha cha plastiki kavu, si ile laini ambayo alisema hutoa jasho na kuiachia sarafu ukijani. Akazibana kadi kwa stepla, halafu akachukua koleo na kulaza kila pini mpaka ikawa bapa. Kadi ikaingia kati ya vipande viwili vya katoni, selotepu pande zote nne, kisha ndani ya kiboksi kilichoshindiliwa magazeti. Jerusa akatikisiwa tena.

"Imenyamaza," akasema kwa sauti ndogo, kama aliyemlaza mtoto.

Mvua ilipokatika nilimsindikiza hadi ofisi ya vifurushi. "Leo siandiki ukweli," aliniambia njiani. "Nimefikiria kitu ambacho hakuna binadamu anaweza kutamani."

Niseme hapa kwamba Jackton ameishi kati ya wafugaji maisha yake yote ya kazi, na hajawahi kufuga hata kuku.

Karani alikuwa Tecla, mama mchangamfu mwenye maka pen, kalamu nene ya kuandikia vifurushi, nyuma ya sikio.

"Karibu, Baba Beverly. Ndani iko nini?"

"Dawa ya minyoo. Ya ng'ombe."

Maka pen ikasimama hewani. Nyuma yetu, foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Ya maji ama ya vidonge?"

"Vidonge."

"Mbona kidogo hivi?"

"Ni kali," Jackton akasema, na hapo ndipo alipojimaliza.

"Kali? Baba Beverly, ng'ombe wangu tumbo imekuwa kama gunia na maziwa imepunguka. Niuzie hii. Utatuma ingine kesho."

"Imeagizwa na mtu wa Nakuru."

"Kwani Nakuru hakuna duka ya agrovet?"

Mwanamume mmoja wa gambuti, aliyeitwa Noah, akasogea mbele. "Mtu akiacha agrovet zote za Nakuru aagize Litein, hiyo dawa si mchezo. Mimi niko na tatu."

"Wacha nione tu jina ya kampuni," Tecla akasema, na mkono wake ukaenda kwenye wembe.

Jackton alikinyakua kiboksi. "Usifungue! Ikipata hewa inakufa!"

"Kama hewa inaiua, yenyewe itaua minyoo namna gani?" Noah akauliza. Hata mimi nilingoja jibu.

Nilimwona mzee akipiga hesabu. Akisema ukweli, Litein yote itajua vifurushi vyake hubeba nini. Akikiacha, kitafunguliwa kabla hajafika nyumbani. Nje, gari la Nakuru lilikuwa limebakiza kiti kimoja na kondakta anapiga bodi kwa kiganja akiita abiria wa mwisho.

"Nakipeleka mwenyewe," Jackton akaniambia. "Mwambie Jerusa." Kisha akanishika bega na kunisukuma mbele ya meza. "Tecla, huyu mgeni ndiye hunitengenezea dawa. Ongea na yeye."

Nilipomfuata hadi mlangoni, alikuwa ameshapanda. Gari liliondoka, naye akatoa kichwa na kiboksi dirishani, akakitikisa kando ya sikio lake, akanionyesha dole gumba. Kimya.

Nilipogeuka, watu wanne walikuwa wananitazama kwa heshima kubwa. Tecla alikuwa anafunga ofisi.

"Twende, daktari," akasema. "Kwangu ni hapo tu."