Kamati ya Bukari

Nimefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi mpaka mvi zikanijaa, na somo langu ni moja: namna watu wasioaminiana wanavyoweza kutawala pamoja. Kila upande upewe viti, uenyekiti uzunguke, na kila mmoja awe na haki ya kupinga. Nimelieleza hilo kwenye mikutano ya nchi nyingi, nikapigiwa makofi. Nyumbani kwangu Kamalondo lilinishinda kwenye sufuria.

Binti yangu alikuwa anaolewa. Sisi ni watu wa Kasai kwa upande wa baba yangu na wa mume wangu. Mkwe ni mwana wa Katanga, kama alivyokuwa marehemu mama yangu. Wazee wa pande hizo mbili, zenye uhasama wa zamani hapa mjini, walipoanza kununiana, nikaunda kamati: wawili huku, wawili kule, kila upande na haki yake ya kupinga. Nilijiona fundi.

Kamati ikakwama kwenye bukari, ugali wetu. Upande wa Kasai walitaka uchanganywe na unga wa muhogo; wakwe walitaka mahindi matupu. Kila pendekezo lilipingwa. Mwisho shangazi wa bwana arusi akasimama, akakaza kitenge chake.

"Kama iko vile, ndoa ingoje kwanza!"

Kaka yangu wa baba mmoja, mtu wa kichwa kigumu, akajibu, "Ingoje!"

Niliogopa kweli. Arusi ikiahirishwa kwa hasira, mara nyingi hairudi.

Binti yangu akatoka jikoni, analia. "Maman, mu komite yako, shiye babili tuko na kiti wapi? Na batoto yetu, batakuwa ba upande gani?"

Alikuwa anasema yeye na mchumba wake, na watoto watakaozaa. Katika vitabu vyangu, watu wa pande zote mbili nimewaandika kwa neno moja: wengineo. Nami ni mmoja wao tangu kuzaliwa. Mganga hajigangi. Nikavunja kamati palepale, nikasema maarusi wachague wenyewe.

Wakachagua wali.

Wali, kwenye arusi ya Lubumbashi, ambako bila bukari mtu hajala! Siku yenyewe shangazi yule na kaka yangu walikaa meza moja, wakilalamika kwa kinywa kimoja kwamba hawajashiba. Nikavuta kiti, nikaketi katikati yao na sahani yangu. Tangu utoto wangu, kila mkutano wa familia lazima mtu aniulize niko upande gani. Siku ile shangazi alinisogezea pilipili tu, akaendelea kulalamika.