Kakakuona wa Pili wa Shangazi Zvidzai

Shangazi yangu Zvidzai hukata nyasi za kuezekea. Mikono yake imejaa alama za majani, na tangu nimjue hajavunja hata hindi moja la jirani. Nalisema hili kwanza kwa sababu siku hizi watu wanamwita mwizi.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, alimkuta kakakuona kwenye nyasi. Kwetu mnyama huyo ni wa chifu. Ukimwona unampeleka akiwa hai. Ukimficha, mvua inasusia kijiji kizima. Naye ni rahisi kubebwa. Hana meno, ukimgusa anajikunja tu. Simba humgeuzageuza akachoka akamwacha, sisi tunamchukua kwa mikono miwili.

Shangazi akamfunga kwenye kitenge chake, akatembea nusu siku. Akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, akamwita chifu kwa jina la ukoo wake, Shumba, akasema amemletea kilicho chake. Alirudi anaimba.

Wiki iliyofuata akapeleka nyasi za jiko la chifu. Nyuma ya jiko, magamba yalikuwa yameanikwa juu ya bati kama mboga za kukausha, na kitenge chake kimefanywa tambara. Akamuuliza Taurai, mtoto wa chifu, nini hiki.

"Shangazi, ulitaka tumchunge na mbuzi?" Taurai akacheka. "Magamba yana wateja mjini."

Chifu alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Alisikia. Aliuliza tu kama nyasi ni kavu. Shangazi akaokota kitenge chake, akajitwika nyasi zake, akarudi nazo nyumbani.

Mwaka huu mvua zilichelewa. Tukiwa tunakata nyasi bondeni, akapita kakakuona mwingine, mtoto kampanda mkiani. Wanawake wawili waliokuwa nasi wakaanza kupiga makofi ya heshima. Shangazi akasimama mbele yao na mundu wake, mpaka mama kakakuona akaingia shimoni. Kisha akavunja tawi akafuta nyayo za mnyama.

Wale wanawake wakaenda kumwambia chifu. Shangazi akaitwa barazani, na watu waliokula sadza, ugali wetu, kwake wakapaza sauti kwamba mahindi yanakauka kwa sababu yake. Chifu akamtaka aonyeshe shimo.

"Shumba, nionyeshe wa kwanza yuko wapi," alisema, "nami nitakuonyesha wa pili."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemuunga mkono. Watu wazima wote wale, wanaojua juu ya bati lile kunaanikwa nini, walitazama miguu yao. Chifu akampiga marufuku kukata nyasi bondeni.

Sasa anakata ng'ambo ya kilima, kwenye nyasi fupi zisizo na mnunuzi. Anazunguka mbali kufika huko. Njia fupi inapita karibu na shimo, na hataki miguu yake iache alama ya kufuatwa.