Gundi ya Nyuki kwenye Mguu wa Wangui

Nilikuwa nimeingia duka la dawa mjini Nakuru kutafuta dawa ya kikohozi, muuzaji akafungua kichupa cha kahawia ili ninuse. "Hii ni gundi ya nyuki, mathe. Inasaidia koo sana." Harufu ile ya utomvu na nta, yenye kitu kinachokaribia karafuu, niliitambua mara moja. Nilitoka bila kununua chochote. Acheni niwaeleze kwa nini, polepole.

Nyanya yetu, tuliyemwita Shosho, alikuwa na mizinga sita kule Bahati, nyuma ya shamba la mahindi. Nyuki huchukua utomvu kwenye vichipukizi vya miti, huuchanganya na nta, kisha huziba nao kila ufa wa nyumba yao. Shosho aliikwangua gundi hiyo kwa kisu butu, akaihifadhi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Majirani walimletea fizi zilizovimba na vidonda vilivyokataa kupona, na kila mmoja aliondoka na kipande kama punje ya mahindi, baada ya kuulizwa maswali mengi kuliko ya hospitalini.

Likizo ya Agosti, nikiwa na miaka tisa, aliinua kifuniko cha mzinga akaniita nitazame. Ndani alilala panya mzima, mkia na sharubu, amepakwa gundi mwili wote kana kwamba amevishwa koti la ngozi. Shosho alieleza kuwa panya aliingia kuiba, nyuki wakamuua, na kwa kuwa hawakuweza kumbeba nje, wakamfunika asiwaozee ndani. Niliinama nikanusa. Hakuwa na uvundo hata kidogo. Mahali pa macho palikuwa na vifundo viwili vyeusi, na kwa siku kadhaa kila nilipofumba macho yangu niliviona vikinitazama.

"Hii gundi haikubali kitu kioze," Shosho akasema. Hayo ndiyo niliyoyashika.

Siku chache baadaye, mdogo wangu Wangui, aliyekuwa na miaka sita, alikanyaga msumari uliomwingia unyayoni. Shosho alimkosha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akapaka gundi pembeni tu, katikati akapaacha wazi. "Kidonda kinataka kulia kwanza," alisema. Ilimbidi aende Mau Narok kumzika dada yake, kwa hiyo alitukabidhi kwa mjomba, na mimi akanipa kazi moja: kumkosha Wangui asubuhi na jioni, na kile kitundu nikiache hivyo hivyo.

Adhuhuri ya kwanza Wangui alisinzia juani juu ya gunia. Nilifungua kitambaa. Nzi alikuwa ametua pale, na palikuwa na harufu kidogo, tamu, mbaya. Niliogopa kwamba dada yangu ameanza kuoza. Nikachukua mkebe, nikalainisha kipande viganjani, nikakiziba kitundu chote nikikandamiza kwa kidole gumba, nikafunga kitambaa kama kilivyokuwa. Harufu iliisha. Wangui alifurahi kwamba ile chumvi ya kuchoma haikuletwa tena.

Siku ya tatu hakuweza kusimama, na mwili ulikuwa moto.

Shosho alirudi akamkuta hivyo, akambeba mgongoni hadi barabarani. Hospitalini Mama alitukuta akitokea kazini. Daktari alibandua gundi, usaha ukamwagika. Aliuliza ni nani aliyeziba hapa. Juu ya kile kipande palikuwa na alama ya kidole kidogo. Shosho aliitazama, akatazama kucha zangu zenye weusi.

"Ni mimi, daktari," Shosho akasema.

Mama alimwambia, bila kupaza sauti, asiguse tena watoto wake na hiyo dawa yake. Wangui alipona, lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa. Hadi leo anachechemea.

Sasa nafundisha baiolojia. Huwaeleza wanafunzi kwamba gundi ya nyuki kweli ina kemikali za mimea zinazozuia bakteria, na kwamba wanasayansi bado wanazichunguza. Lakini hufanya kazi pale inapogusa. Juu ya kitundu kirefu huwa kifuniko tu, na chini yake hustawi vijidudu visivyotaka hewa. Panya alikuwa amekufa, hakuwa na kitu cha kutoa nje. Wanafunzi huandika. Hakuna anayeuliza nilijuaje.

Siku ya mahafali yangu ya chuo, Shosho alikaa nami kwenye nyasi tukimwangalia Wangui akija upande wetu na soda. "Sasa wewe ni mtu mzima," aliniambia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani ananisifu. Nilicheka, nikamshukuru, nikamwita mpiga picha.

Alikufa mwaka uliofuata. Kaburini, Wangui alikataa kutupa udongo. Watu walidhani ni uchungu. Mimi nilijua bado anamlaumu kwa mguu wake, nikatupa wangu.

Imenichukua miaka kuelewa ule ukimya wa kwenye nyasi. Alikuwa amenibebea kosa hadi nikue, siku ile akanipa nafasi ya kulichukua, nami sikunyoosha mkono.

Jumapili Wangui anakuja kwangu. Nitamwambia kabla ya chakula, kwa sababu najijua: tukishakula, nitapata sababu ya kunyamaza.