Kijiti cha Kufyatulia

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinialika shuleni kwao, Mugumu, nikatazame wanafunzi wakishindana kwa mitambo waliyoiunda wenyewe ya kurusha mipira. Kila kundi lilikuja na ubunifu wake: mabomba ya plastiki, vipande vya tairi, miiko ya ugali. Nilicheka na kupiga makofi pamoja na wazee wenzangu mpaka nilipoona kundi moja limeuzuia mtambo wao kwa kijiti kidogo chenye mkato, kimeshikwa na kitanzi cha kamba. Kicheko kikanikauka. Nikiwa mtoto niliwahi kumponza rafiki yangu kwa kijiti kama kile.

Unaikumbuka miaka ya ujamaa, ndugu yangu? Tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Ringwani, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi. Sisi tulitoka kwenye mazizi, na majirani wengine walitoka karibu na mbuga, wanalijua pori kama sisi tulivyojua ng'ombe wetu. Asubuhi ilinukia samadi na uji wa ulezi. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na jembe ulilibeba kwenda shule kama ulivyobeba daftari.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana mwembamba asiyependa kukaa. "Tukingoja mashine ya kuletewa, tutazeeka tumekunja mikono," alizoea kusema. Siku moja akatugawa wanafunzi wa darasa la saba katika makundi ya watu wanne. Kila kundi litengeneze mtambo wa kurusha mpira wa matambara kutoka golini hadi ndani ya duara la majivu katikati ya uwanja, mara tatu. Kitu cha dukani marufuku. Watakaoshinda wataipeleka kazi yao kwenye maonyesho ya wilaya.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi letu. Nilileta ukanda wa ngozi ya ng'ombe kutoka kwa bibi yangu aliyenilea, mwingine akaleta kibuyu tukakikata kiwe kikombe cha kuwekea mpira, na tukakata ufito wa mkole unaopinda bila kuvunjika. Tulikuwa tunauvuta kwa mkono na kuuachia. Mpira wa kwanza ulirudi nyuma ukaangukia kuku wa mwalimu mkuu.

"Leo mwalimu mkuu atakunywa supu bila kuchinja!" kundi la jirani likatuzomea.

Ndipo rafiki yangu, mtoto wa wale majirani wa porini, alipoongea. Hakuwa msemaji. "Mkono unatetemeka," alisema. "Leo unaachia hivi, kesho vile. Tafuta kitu kisichotetemeka." Akachonga kijiti, akakikata mkato, akakitega chini ya kitanzi. Ukikigusa tu kwa kidole, ufito unaruka. Tukatia alama kwenye ufito, tukapima kwa hatua, na baada ya siku nne mpira ulikuwa unaanguka pale pale tulipotaka.

"Umekitoa wapi hiki?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni kwanza. "Kwenye mitego ya baba. Lakini wewe, nakuomba, ukiulizwa sema tumebuni wenyewe."

Nikaapa.

Siku ya mashindano walikuja mwenyekiti wa kijiji, bwana shamba, na bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori ambaye watu wakimwona walianza kuzungumzia mvua. Tulirusha mara tatu, mara tatu mpira ukaingia. Shule nzima ikamnyanyua rafiki yangu juu. Yeye, siyo mimi. Mimi kiongozi nilibaki chini, nimeshika kibuyu.

Bwana nyama akainama, akakigusa kile kijiti. "Kazi safi. Nani aliwafundisha?"

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba neno liliniponyoka. Halikuniponyoka. Nilitaka wamshushe. Nikasema, "Siyo yeye aliyebuni. Ni baba yake, anategea wanyama."

Mwalimu wa sayansi akadakia haraka, "Panya, afande! Panya wa ghalani." Bwana nyama akatabasamu tu. Baada ya siku tatu bwana nyama na askari wake walikwenda nyumbani kwa rafiki yangu, wakakuta waya za mitego na nyama ya porini iliyokaushwa. Baba yake akafungwa miezi sita, na ulikuwa ndio mwanzo wa msimu wa kilimo. Rafiki yangu akaacha shule akamsaidie mama yake kulima, mtihani wa darasa la saba ukiwa mbele yetu.

Bibi yangu alipojua, hakunipiga. Alinikabidhi jembe. "Ulimi wako umemtoa mwenye shamba. Wewe utaingia mahali pake."

Nilikwenda alfajiri, mama wa rafiki yangu akaniangalia bila kuitikia shikamoo yangu. Nikalima hivyo hivyo. Siku ya tatu wenzetu wawili wa kundi wakaja, siku ya tano mwalimu mwenyewe, amevua viatu. Wiki iliyofuata majirani wakaitana kwa risaga, ule utaratibu wetu wa kulimiana kwa zamu, na yule mama akatupikia ugali wa mtama kwa mtindi. Rafiki yangu akarudi darasani. Alifanya mtihani, akafaulu, tena akanipita.

Baba yake alitoka wakati mtama umeshabeba. Nikamwamkia. Alizunguka shamba lote kwanza. "Marahaba," akasema hatimaye. "Mistari yako imepinda kama mkojo wa ng'ombe. Kesho njoo nikuonyeshe."

Basi nilipotoka pale shuleni kwa mjukuu, sikurudi nyumbani. Nilikwenda karibu na Manchira anakoishi rafiki yangu, mstaafu sasa, fundi wa pampu za maji aliyeheshimika. Tuliongea juu ya shule yetu, ambayo kuta zake za udongo zimeshalala, juu ya risaga ambayo vijana wameibadili kwa vibarua, na juu ya wale wote waliolima pamoja nasi na sasa hawapo. Kisha nikamwomba msamaha.

Akashangaa. "Wewe mzee! Si ulilima mpaka viganja vikatoka damu? Mimi nilijua kwa kulima kule ndiyo ulikuwa unasema samahani."

"Hapana," nikamwambia. "Kulima aliniamuru bibi. Hili nalisema mwenyewe."

Akamwita mkewe alete chai, vikombe viwili, na akasogea kwenye benchi ili nami nikae kivulini.