Taa Niliyoihamisha Kaskazini mwa Kalokol

Nilikwenda kwa sababu niliombwa. Mwezi wa tisa mwaka 2012 mvuvi aitwaye Ewoi alifika kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, Kanamkemer, hapa Lodwar, akiwa na taa ya sola ndani ya gunia. Taa hiyo ilikaa juu ya mnara wa mawe kijijini kwao, ufukweni mwa ziwa, kuwaonyesha wavuvi njia ya kurudi. Ilikuwa imezimika. Niliipima nikamwambia betri imekufa, na kwamba nitaileta taa ikiwa na betri mpya na kuifunga mwenyewe. Ufundi wa umeme nimejifunza vitabuni bila mwalimu, na kazi niliyoianza sipendi imaliziwe na mtu mwingine.

Alhamisi moja, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka kwa lori lililokuwa likienda kuchukua samaki wakavu Kalokol. Lami ya barabara ile imebomoka kiasi kwamba madereva huona afadhali mchanga wa kando. Tulifika saa tatu. Pikipiki ikanipeleka saa nzima kati ya miti ya mikoma, mpaka mchanga ukaishinda, nami nikamaliza safari kwa miguu, taa na betri mpya begani.

Kijiji kina nyumba kama ishirini za makuti. Mbele yake ufuo mweupe unapinda kama mundu, na maji ni ya kijani. Nyuma kuna kilima cheusi chenye pengo kileleni. Sijaona mahali pazuri kuliko pale, na ningependa kupakumbuka kwa uzuri huo tu.

Akiru, mke wa Ewoi, alinikuta nikifuta jasho. "Ejok?" alinijulia hali kwa lugha ya kwao. "Ejok-noi," niliitikia, kwamba ni salama kabisa. Alinipa chai ya maziwa ya mbuzi, akaniambia mumewe yuko ziwani na atarudi jua likizama. Wanawake waliokuwa wakianika samaki walisogea kunitazama nikiandika.

"Hiyo daftari ni ya nini, fundi?" Akiru aliuliza.

"Naandika vipimo vya mnara."

"Na samaki wanajua kusoma?"

Walicheka sana, nami nikacheka.

Saa nane niliukagua mnara. Ulikuwa na nyufa tatu, na kimo chake hakikuzidi watu wawili. Hatua sitini kaskazini ilisimama nguzo ya chuma ya bohari la samaki lililoachwa, ndefu mara mbili ya mnara. Taa ikiwa juu zaidi huonekana kutoka mbali zaidi; hilo lilikuwa wazi. Nikaanza kupeleka vifaa kwenye nguzo.

Akiru alinifuata. "Fundi, taa ilikuwa inakaa kule."

"Kule ni chini, mama. Hapa itaonekana mbali."

"Ngoja mwenyewe arudi."

"Akirudi giza litakuwa limeingia, na lori langu ni kesho asubuhi."

Akageuka kurudi jikoni. Nilidhani amekubali. Sikujua kwamba pale mgeni aliyekwisha kuchinjiwa mbuzi habishiwi siku hiyo, na mbuzi wangu alikuwa tayari motoni.

Jua lilipozama taa iliwaka, watoto wakashangilia. Tulisimama ufukweni tukaiona mashua ya Ewoi ikija moja kwa moja kuelekea mwanga. Kisha tukasikia mlio kama gogo linalopasuliwa. Kabla sijaelewa, Akiru alikuwa amekwisha kuingia majini hadi kiunoni, akimwita mumewe.

Ewoi na mwenzake walitoka wakiogelea, Ewoi ameumia goti. Mashua ilikuwa imepasukia kwenye mwamba, na nyavu zote zilichukuliwa na mawimbi.

Ijumaa alfajiri nilimwambia kosa ni langu. "Twende nikuonyeshe," alisema, akachechemea hadi kwenye chelezo cha jirani, magogo manne ya mkoma yaliyofungwa pamoja. Alipiga kasia mpaka mbali, kisha akageuza.

Kutoka majini, mnara ulikaa sawasawa chini ya pengo la kilima. Nguzo yangu ilikuwa kulia kabisa.

"Taa ikikaa chini ya pengo, unaingia," alisema. "Ikienda kando, kuna mawe. Hata mtoto anajua."

Vipimo vyangu vyote nilikuwa nimevichukua nikiwa nchi kavu.

"Na jana hukuona kwamba taa imetoka pengoni?"

"Niliona. Nikasema fundi amepima. Labda ni macho yangu imezeeka."

Niliacha lori liende. Siku ile niliziba nyufa na kuirudisha taa mnarani, na jioni Ewoi mwenyewe aliingia na chelezo kuijaribu kabla sijafunga parafujo ya mwisho. Jumamosi nilirudi Lodwar, juu ya magunia ya samaki wa watu wengine.

Sasa nikiitwa kufunga kitu, humtafuta kwanza atakayekitumia, nikasimama anaposimama yeye. Wateja wangu wananisifu kwa hilo, nami siwaambii lilimgharimu nani mashua. Mwaka 2013 nilimkuta Ewoi huko Kalokol akivuta nyavu katika mashua ya mtu mwingine. Aliponiona alinyoosha mgongo, akawaambia wenzake kwa fahari, "Huyu ndiye fundi wa taa yetu."