Ndoo ya Fundi Bomba

Mwaka wa kumi na tisa huu naishi chini ya Fundi Bomba. Cherehani yangu iko sambamba na jiko lake, yeye juu mimi chini, na miaka yote hiyo dari yangu haijawahi kuvuja hata tone. Ukikaa chini ya fundi bomba unatarajia hivyo. Kwa hiyo Jumapili ile mchana, tone la kwanza lilipoangukia kola ya shati nililokuwa nalimalizia, sikuwahi hata kukasirika. Nililitazama kwanza. Lilikuwa la kahawia, na lilinukia mdalasini.

Harufu hiyo nilikuwa naijua. Marehemu mkewe alikuwa akipika bia ya viungo kila baridi inapoingia, mara moja kwa mwaka: kimea, sukari guru, tangawizi, mdalasini, karafuu chache na maganda ya machungwa. Ikiiva alikuwa anagonga sakafu mara mbili kwa mpini wa ufagio, nami napanda na glasi yangu mkononi, maana zake hazikutosha. Fundi alikuwa anainywa huku akilalamika kwamba ina utamu kupita kiasi, halafu anaomba aongezwe. Jikoni hakuingia ila kurekebisha koki.

Mkewe alifariki mwaka juzi, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaingia, ndoo bado haijawekwa. Tangu hapo sakafu haijagongwa. Na mimi, niseme ukweli unaoniaibisha, nilikuwa sijapanda ngazi zile zaidi ya mara tatu. Ni ngazi kumi na nne. Nilijiambia nina kazi nyingi, na kazi ya kushona haikosi kamwe kwa mtu anayetafuta kisingizio.

Jumapili ile nilipanda na beseni. Nilimkuta Fundi amesimama katikati ya jiko, kipande cha ganda la chungwa kimemkaa juu ya nyusi, na bia imetapakaa kuanzia jiko la gesi hadi mlangoni. Kifuniko cha ndoo kilikuwa kimeruka kikavunja taa.

"Uliifungaje hii?" nikamuuliza.

"Kama kitu kinavyofungwa." Akanionyesha mabaki: tepu nyeupe ya mabomba mizunguko sita, juu yake silikoni, juu ya silikoni waya ulionyongwa kwa koleo.

"Sasa hewa itoke wapi, Fundi? Bia inapumua."

Alinitazama kama niliyemtukana babu yake. "Miaka thelathini na nne watu wananiita ili kitu kisitoke," akasema. "Leo unaniambia nilitakiwa niache kitoke?"

"Mkeo alikuwa anafunika kwa kitambaa na sahani."

"Karatasi haisemi."

Kweli haikusema. Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, mwandiko wa marehemu kwa penseli: kimea kiasi gani, moto kiasi gani, sukari guru kikombe kimoja, hamira iingie ikishapoa. Kuhusu kifuniko hakuna hata neno moja. Mtu haandiki jambo ambalo mikono yake hulifanya yenyewe.

Akaketi kwenye kigoda akanisimulia. Ana mtoto mmoja, binti, tunayemwita Kijiko kwa sababu tangu anatambaa hakupita karibu na sufuria bila kuonja. Siku hizi ni mpishi wa hoteli, mji wa mbali. Baada ya mazishi hakurudi tena. Hawakugombana. Kila Ijumaa walipigiana simu, wakaulizana afya na hali ya hewa, basi. Maisha yote walikuwa wamezungumza kupitia kwa mama, na mama alipoondoka kila mmoja alibaki kwake ameshika simu, hana la kusema.

Ijumaa moja Kijiko akatania, "Baridi inaingia, baba. Nani atatupikia bia mwaka huu?" Na Fundi, mtu ambaye hajui hata kuchemsha yai likaiva vizuri, akajibu, "Ipo. Ndoo iko jikoni." Kisha binti akasema, kwa sauti ambayo baba yake hakuwa ameisikia kwa miaka miwili, "Basi nakuja. Nitaomba siku tatu."

"Atakuja mwezi ujao," Fundi akaniambia. "Akikuta nilimdanganya, mwaka mwingine atakuja kufuata nini?"

Jibu lilikuwa ni "wewe." Nililijua kabisa, nikashindwa kulitamka, nikashika tambara nikaanza kupiga deki. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu ni mwepesi kwenye utani tu.

Ndoo ya pili aliiweka wiki hiyohiyo. Alinunua kimea kingine, akapima kila kitu kwa kufuata karatasi, akakaa siku nzima kando ya sufuria asithubutu hata kwenda msalani. Lakini suala la kitambaa na sahani lilimshinda. Dhamiri ya ufundi ilimkatalia. Alifikiri siku mbili, kisha akashuka mbio mpaka mlangoni kwangu, ameshika kipande cha bomba kilichopinda.

"Mama Cherehani, chini ya sinki yako kuna nini?"

"Panya, wakati mwingine."

"Kuna bomba lililopinda, na kwenye pindo maji yanatuama. Ya ndani yanatoka, harufu ya nje hairudi. Nimefunga maelfu ya hayo. Maelfu, na sikuwahi kufikiri."

Akatoboa kifuniko, akafunga bomba lake jembamba, akalipinda, akatia maji kwenye pindo. Bia akaimwaga kwanza sufuriani, akaitia ndoo na koki karibu na kitako, ya shaba, maana hawezi kuona chombo kisicho na koki. Siku ya pili yake ndoo ikaanza kusema. *Blup.* Kimya kidogo. *Blup.* Nilikuwa naisikia kupitia darini ninapozima cherehani.

Hapo ndipo Fundi alipobadilika. Asubuhi anashuka kunipa taarifa kama mtu mwenye mgonjwa anayepata nafuu: leo kila baada ya sekunde nane, leo kila baada ya tano. Alihamishia kiti chake jikoni, na redio akaizima. Jioni moja nilimsikia akizungumza, nikadhani amepata mgeni, nikafurahi. Nikatega sikio. Alikuwa anaisimulia ndoo juu ya tangi lililopasuka kwa mteja, na mahali ambapo mtu angeitikia "ehe", alikuwa ananyamaza kungoja. *Blup.* Halafu anaendelea. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kutunga uzi. Sikupanda, hata hivyo.

Siku ya kumi na moja sauti ikaanza kupungua. Ndivyo inavyotakiwa: hamira ikimaliza kula sukari, bia inatulia, unaifunga kwenye chupa. Hata mimi nalijua hilo. Fundi alishuka akaniomba kikombe cha sukari. Nikampa. Baada ya siku tatu akashuka tena. Nikamuuliza kama siku hizi anaoga kwa chai. Alicheka kidogo, akapokea kikombe, akapanda. Alirudi mara nne kwa jumla, na kila mara, kesho yake, ndoo ilianza kusema tena.

Kijiko alifika siku aliyoahidi, amenenepa kidogo, ana mkoba mmoja. Saa kumi jioni sakafu ya juu ikagongwa mara mbili. Nilichukua glasi yangu nikapanda.

"Shikamoo, mama wa chini," akanisalimu, jina alilonipa akiwa mdogo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu. Karatasi ya kabatini alikuwa nayo mapajani.

Fundi alifungua koki ya shaba kwa heshima zote, akatujazia glasi. Rangi ilikuwa sawa. Harufu ilikuwa ileile, na kwa sekunde moja niliamini kabisa kwamba mwenye jiko atatokea chumbani akifuta mikono. Kisha nikanywa. Ilikuwa kali kama dawa ya kusugulia mgongo. Utamu haukuwepo hata wa kudanganyia, na karafuu iliniwasha hadi masikioni. Nilitazama ukutani nikameza.

Kijiko hakumeza haraka. Aliizungusha mdomoni kama wafanyavyo watu wa kazi yake, akaweka glasi chini.

"Baba, hii umeiongezea sukari baadaye."

Fundi akawa anafuta koki kwa kidole.

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Mama ameandika kikombe kimoja. Kila kitu kingine umefuata, naona, hata maganda umekata vilevile. Ilikuwa imeshaiva, baba. Kwa nini uliendelea kuilisha?"

Nilitaka kuingilia kwa mzaha wowote ule, sikuupata. Fundi alikuwa anatazama pindo la bomba juu ya ndoo, ambapo maji yalikuwa yametulia.

"Ilikuwa inanyamaza," akasema.

Kijiko alimtazama baba yake. Hakulia. Alinyanyuka akafungua kabati, akatoa sukari, akachota kijiko kimoja akakitia ndani ya ndoo, akarudisha kifuniko. Kisha akaburuta kigoda chake akaketi kando ya kiti cha baba yake. Tulikaa watatu tukiisikiliza ndoo. Nadhani ilipita robo saa. *Blup.*

"Ehe," Kijiko akasema, "lile tangi lililopasuka ulilonigusia Ijumaa iliyopita kwenye simu. Ilikuwaje?"

Fundi akaanza kusimulia. Mimi niliaga nikashuka.

Siku tatu zile nilisikia sauti mbili juu yangu, na vicheko viwili vitatu. Wakati wa kuondoka Kijiko alisimama ngazini akamwambia baba yake, nikisikia, "Mwakani nakuja, iwe ipo bia au haipo." Fundi aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alisimama pale hadi gari lilipokata kona, akabaki amesimama.

Kesho yake asubuhi alikuja mlangoni kwangu ameshika kikombe kitupu.

"Mama Cherehani, una sukari kidogo?"

Safari hii sikumuuliza ya nini. Nilizima pasi, nikachukua kopo zima na glasi yangu, nikapanda naye.