Bosi Aliyepeleka Kuni

Meneja wa kwanza niliyefanya naye kazi kiwandani alikuwa mlevi na mtukanaji, na alipohamishwa tulimlilia. Wa pili hakunywa, hakutukana, hakumtomasa mwanamke yeyote, na mishahara wakati wake ilitoka bila mtu kuulizia. Mpaka leo ukimtaja pale Igowole watu wanatazama pembeni. Nilikuwa msaidizi wa wote wawili. Siku hizi kiti chao nimekalia mimi, na vijana wanaopandishwa vyeo hunijia wakitaka niwafundishe namna ya kuheshimiwa na wafanyakazi. Wanategemea mambo ya semina. Sina ya semina, nina habari ya huyu wa pili, na kila nikiisimulia hasira hunipanda upya, kwake na kwa wenzangu pia.

Kiwanda chetu ni cha chai, nje kidogo ya Igowole, mahali ambapo manyunyu yanaweza kukufuata wiki nzima na nguo zisikauke. Kwetu watu ni kuzikana. Unaweza kuwa mchoyo, unaweza kuwa na mdomo kama wangu, watakuvumilia. Lakini msiba ukitokea unakwenda, na ukifika unakaa chini na wenzako. Wanaume huota moto nje, wanawake hulala ndani na mfiwa. Yule mlevi hakukosa msiba hata mmoja. Alifika ananuka pombe ya ulanzi, akalia kwa sauti kuliko wenye msiba, na kesho yake alitutukana kama kawaida, nasi tukamsamehe kama kawaida.

Huyu wa pili alitoka ofisi kuu ya kampuni, Mbeya mjini, na alikuwa na kauli nzuri. Asili yake ni Usangu, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Baba alishafariki, ng'ombe wakagawanywa, eneo likauzwa, kwa hiyo alikuja na mama yake, bibi mrefu, mpole, aliyeongea Kiswahili cha kuokoteza. Bibi huyo alilima bustani nyuma ya nyumba ya meneja na ndani ya muda mfupi akawa anajua nani kajifungua, nani anaumwa. Akikutana na wanawake wa kiwandani aliwawahi yeye na "kamwene", salamu ya Kihehe, nao wakacheka kwa furaha.

Kisha mtu wetu wa boila akafariki. Alikuwa ndiye anayechochea ule moto wa kukaushia chai tangu mimi msichana. Nilimfuata meneja ofisini nikamwambia kesho tunazika na tutaondoka wote. Alinisikiliza vizuri, maana alimsikiliza kila mtu vizuri, halafu akanieleza kwamba bosi akikaa mkekani na wafanyakazi leo, kesho hawezi kumwambia mtu kwamba amechelewa kazini. Heshima inataka nafasi kati ya watu, alisema. Akaagiza lori lijazwe kuni za mikaratusi, unga na maharage, lipelekwe msibani siku ileile. Bahili hakuwa, hilo namtetea. Nilimwambia kuni hazijui kutoa pole. Akacheka, akadhani ni utani wangu.

Makaburi yetu yako kando ya barabara iendayo Nyololo. Mchungaji akiwa anasoma neno, gari la meneja likatokea, vioo vimefungwa. Alikuwa anawahi kikao Mbeya. Hapa kwetu hata dereva wa lori la mbao asiyemjua marehemu hupunguza mwendo, na wa bodaboda huzima kabisa pikipiki. Yeye alipita kama alivyokuja. Baadaye aliniambia aliogopa kuvuruga ibada kwa kusimama, na mimi namwamini, lakini nani angewaeleza hivyo watu waliokuwa wamesimama pale? Mjane aliinua kichwa akalisindikiza lile gari kwa macho mpaka likaishia kwenye kona. Bibi alikuwa nasi, kaja kwa miguu. Akamshika mjane mkono.

"Mimi ndo nimekuja," alimwambia. "Yule ni mwanangu."

Tangu siku hiyo kiwanda kilikwenda kama saa. Hakuna aliyebishana naye, hakuna aliyechelewa. Utani ulikoma akiingia, ukarudi akitoka. Na wazee wenye wajukuu, watu ambao yeye ndiye alipaswa kuwaamkia, wakaanza kumpa shikamoo. Mtu wa hapa angeshtuka, angeuliza nimekosa nini. Yeye aliitikia marahaba. Aliniambia mwenyewe, amefurahi, kwamba sasa naona faida ya nafasi. Nilimwambia wazi kwamba hiyo si heshima, na kwamba mzee akikuamkia hapa ujue amekutoa katika hesabu ya watu wake. Alisema mila zetu zinanitia wasiwasi bure.

Masika yaliyofuata bibi aliugua mapafu, na hospitali hawakuweza kumrudisha. Kwa kuwa Usangu hakukuwa tena na pa kuzikia, angezikwa hapahapa. Niliogopa kwamba hawatakuja, na kwamba mama wa watu atachimbiwa kaburi na vibarua.

Walikuja wote. Kiwanda kizima, na waliostaafu, na wake zao. Wanaume walichimba kaburi mvuani, wakalikausha maji kwa ndoo, wakarudia tena. Wanawake walipika, na walimlilia bibi kilio cha kweli, si cha kusaidia. Mjane wa mtu wa boila ndiye aliyelala chini mlangoni usiku wote wa matanga. Nikasema moyoni, basi, yameisha, wamemsamehe.

Baada ya maziko wafiwa walikaa kwenye benchi, watu wakapanga mstari kuwapa mkono. Walianza na kaka yake meneja, aliyesafiri kuja: pole baba, pole sana. Wakaenda kwa dada yake: pole mama, Mungu akutie nguvu. Wakafika kwake.

"Shikamoo, bosi," alisema wa kwanza, akapita.

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea.

Wa pili naye akasema shikamoo, bosi. Na wa tatu. Walimshika mkono kwa adabu, wakainamisha kichwa kidogo, kama asubuhi getini. Hakuna aliyempa pole. Mjane alimkumbatia yule dada wakalia pamoja, akajifuta uso, akafika mbele ya mtoto wa bibi na kumwamkia. Kufikia hapo meneja alikuwa ameacha kuitikia. Aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, akingoja neno moja tu ambalo hata mgeni wa njiani hupewa.

Nilipofika nilimwambia, "Pole, kaka." Alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma. Nyuma yangu mtu alifyonza. Niligeuka nikatazama ni nani, na tangu siku hiyo mimi na huyo mama hatujawa sawa.

Jioni meneja aliniuliza ni nani aliyewapanga.

"Hakuna aliyewapanga," nilimwambia. "Ungekuwa mpango ningeuvunja."

Hakwenda kinyume nami tena. Mume wa mmoja wa wanawake wetu wa kuchambua chai alipofariki, meneja alifunga ofisi akaja msibani kwa miguu. Alivua viatu, akakaa chini. Watu wakasogea mbali naye, mkeka mzima ukabaki wake, na mtu akamletea kiti. Akakikataa. Kiti hakikuondolewa, kikabaki pembeni yake. Nilitaka kwenda kukaa naye, lakini alikuwa upande wa wanaume.

Makaburini, jeneza liliposhushwa, wanaume walianza kufukia kwa kupokezana. Mmoja alipochoka, meneja akalichukua koleo lake na kuingia kati. Alitupia udongo mara moja. Mzee mmoja, kaka wa marehemu, alimsogelea polepole akalishika lile koleo kwa mikono miwili. Hakulivuta. Alilishika tu, akangoja.

"Acha tu, bosi," alimwambia kwa upole. "Utachafuka bure."

Akaliachia. Nimewahi kuona watu wakifukuzwa kwa matusi, na mtu aliyetukanwa angalau ana la kujibu. Yeye alirudi nyuma hatua chache, suruali ina tope hadi magotini, akasimama na mikono yake mitupu mpaka wenzake walipomaliza kufukia.